Samaki mu mafuta ya Bihogo

Benye mulisoma wiki yenye ilipita muliniacha mu matope ya Burungu, pikipiki juu yangu, bidon yangu ya mawese ikijimwanga yote mu barabara. Mwenye pikipiki alikuwa analilia taa yake. Miye nililia mawese.

Benye hamukusoma, musiogope. Matatizo yangu haina mulango, muntu anaingia fasi anapenda.

Ninaitwa Zéphyrin. Niko mwalimu wa Hombo, diplomé d'État, lakini masomo ilifungwa juu ya vita na diplome yangu inalala mu plastiki. Bibi yangu alituacha, huu ni mwaka wa tatu. Binti yetu mumoja, Mapendo, aliolewa huku juu kwa batu ya ngombe. Bwana yake ni Valens, mutoto wa muzee Nzabonimpa. Nilipata habari kusema Mapendo amezala mutoto mwanaume.

Kwetu, binti akizala, mama yake anaenda kumupikia. Mama hayuko tena. Njo maana muliniona ninazunguka na Bukavu na Goma siku ine, ninapoteza telefone ku barriere moja ya askari na kiatu kimoja ku ingine.

Bintu yenye ilifika nzima Burungu ilikuwa mbili tu: miye, na samaki sita.

Tilapia sita za ziwa ya Mokoto. Nilizinunua ku soko ya Kitshanga siku ya posho, Jumamosi, asubuhi, nikaziingiza mu sakoshi yangu ya masomo, chini ya makaye, madaftari yangu.

Juu ya nini kuzificha? Juu kwa muzee Nzabonimpa samaki haiingiaka.

Si kusema banaichukia. Banaiogopa. Muntu mwenye kunywa maziwa, akitia samaki mu kinywa, ngombe yake itajua. Maziwa itapanda juu na itakatala kushuka. Babu zao njo walibaambia vile, na hata bakienda misa kila yenga, kila Jumapili, ile neno haijatoka mu kichwa.

Na musicheke mbio. Ule muzee alikuwaka na ngombe makumi ine. Vita ilikula, ikamubakishia tatu: dume moja ya kuzeeka, ndama moja, na mama ya ile ndama, jina yake Bihogo. Bihogo peke yake njo inakamuliwa. Maziwa ya Bihogo njo chumvi ya ile nyumba, njo sabuni, njo dawa.

Sasa mukae muzuri. Leo ninasema kintu yenye sijaambia hata padri.

Siku ya yenga, batu yote walienda misa. Muzee Nzabonimpa, bibi yake mama Laurence, na Valens. Nyumba ilibaki na bantu tatu: Mapendo, mutoto, na miye.

Mutoto alikuwa analia. Tangu nilipofika alikuwa analia. Siku saba mu dunia na sauti tayari ya préfet des études, mukubwa wa masomo.

"Papa," Mapendo aliniita ndani ya chumba. Alikuwa amekaa ku kitanda, macho nyekundu. "Maziwa haishuki."

"Haishuki namna gani?"

"Haishuki, papa. Ananyonya, hapati kintu, analia. Mama mukwe ananipa maziwa ya Bihogo nikunywe, ninakunywa mpaka tumbo inajaa. Haishuki."

"Kwetu wangekupa samaki."

Mapendo aliinua kichwa. Kisha alicheka kidogo, ya kwanza tangu nimufikie.

"Ile ya mama. Ya kukauka. Yenye ilikuwa inalia mu meno mpaka jirani wanasikia."

"Niko nayo sita mu sakoshi."

"Papa!"

"Iko chini ya makaye ya jeografia."

"Papa, humu bantu hawakulaka samaki! Mama Laurence atakufa!"

"Iko ku misa. Muntu hakufaka ku misa, padri haruhusu."

"Unacheka. Kesho njo siku ya munane, papa. Kesho mutoto anapewa jina."

Nilijua. Siku ya munane muzee anasimama mbele ya jirani, anatamka jina, na tangu pale mutoto iko wa ile nyumba. Mbele ya jina, iko tu mutoto wa binti wa Hombo.

Nilimutazama binti yangu. Nilimutazama mutoto, mudomo wazi, ngumi mbili juu sawa muntu wa syndicat mu mugomo.

"Misa ya huku inamalizika saa ngapi?"

"Saa sita," alisema pole pole.

"Sasa ni saa tatu. Tuko na wakati."

Niliingia mu jikoni ya bakwe yangu. Mwanaume, baba wa bibi arusi, mu jikoni ya mama mukwe wa binti yake! Kama bibi yangu angeniona angefufuka juu ya haya tu.

Mwenye anataka samaki inalia mu meno, anisikilize, juu hii njo kintu moja yenye sikukosea siku ile.

Kwanza ni kuikausha. Batu bengi banatupa samaki na maji yake mu mafuta, kisha banauliza juu ya nini iko laini sawa kitambaa. Nilitoa magamba na matumbo, nikakata mistari tatu kila upande. Ndani ya mistari niliingiza chumvi, ndimu na pilipili ya kutwanga. Pilipili nyingi, maana Mapendo anaipenda. Kisha nilizifuta, nikazitundika ku waya ya nguo nyuma ya kitenge, karibu saa nzima. Burungu iko na upepo ya baridi, tena ya bure.

Kisha bunga ya mahindi. Kidogo tu. Unapiga piga, yenye haikushika inaanguka.

Kisha mafuta ya moto sana. Unatupa kabunga kadogo: kakicheka papo hapo, iko tayari. Unalaza samaki na unaiacha. Usiigeuze geuze. Ikikuwa tayari itaachia poêle, ile kikaango, yenyewe.

Nilikuwa na samaki, bunga, poêle, mbabula na makala nyekundu.

Mafuta, hapana. Mawese yangu yote ilikuwa imebaki ku barabara, mulikuwako.

Nilitafuta. Chupa moja tupu. Chupa ya pili, petroli. Juu ya étagère, rafu ya vyombo, nyuma kabisa, nikaona kachungu kadogo, kafunikwa na jani ya ndizi na kafungwa na kamba. Nilifungua.

Manjano. Ya kugandama. Inanuka maziwa.

Nilijua ilikuwa nini, sitabadanganya. Mafuta ya ngombe, ile banatikisa maziwa mu gisabo, ile kibuyu, asubuhi nzima mpaka inapatikana kiganja moja. Nilisema mu roho: Zéphyrin, unaazima tu.

"Papa!" Mapendo aliita kutoka chumba. "Mafuta ulipata wapi?"

"Nilipata!"

Munaona? Haikuwa bongo ya kudanganya muntu. Lakini haikuwa jibu.

Wandugu, mimi nimekaranga samaki mu mawese, mu mafuta ya karanga, hata siku moja mu mafuta ya kujipakaa, nitabaelezea mbele. Sijaonaka kintu sawa ile. Samaki iliingia mu mafuta ya Bihogo ikaimba. Ngozi ilivimba, ikageuka rangi ya kahawia, ikakuwa ngumu sawa karatasi ya diplome. Na harufu! Samaki na maziwa pamoja, ilitoka mu mulango, ikapita mu lupango, uwanja ya nyumba, ninafikiri ilifika ku misa.

Mapendo alikula tatu. Alikuwa anakula na analia. Kwa! Kwa! mu meno.

"Iko sawa ya mama," alisema.

Hapo nilitoka inje kidogo kutazama kama mvua itanyesha. Hakukuwa hata wingu.

Miye nilikula mbili. Ya sita nilifunika na sahani, juu ya étagère, ya kumupa Mapendo mangaribi.

Kisha nilifanya usafi. Mifupa mu moto. Vichwa chini ya majivu, nyuma ya jikoni. Poêle, nikaisugua na muchanga. Na mafuta yenye ilibaki?

Hapa njo fasi ya kosa. Kwetu mafuta ya kukaranga haimwangwi. Bibi yangu, miaka makumi mbili, alikuwa anachuja na kitambaa, anarudisha mu chupa, kesho tunakaranga tena. Nilifanya sawa yeye. Nilichuja, nikarudisha mu kachungu, nikafunga jani, nikafunga kamba. Hata fundo nilifanya sawa ile ya kwanza. Nilijisikia muntu wa heshima.

Bakwe walirudi. Mama Laurence alisimama ku mulango, pua juu.

"Kunanuka nini humu?"

"Dawa yangu ya kifua, mama. Ya kwetu Walikale."

"Dawa ya kifua, inanuka sawa mutoni?"

"Kifua yangu iko mubaya sana, mama."

Alinusa tena. Kisha alienda kubadilisha kitenge yake ya misa.

Mangaribi, bintu mbili ilitokea.

Ya kwanza: Mapendo aliniita. Kitenge yake ilikuwa imelowana mbele, pande zote mbili. Mutoto alikuwa ananyonya, macho amefunga, na sauti moja tu: gu, gu, gu. Maziwa ilikuwa imeshuka.

Ya pili: nilienda kukamata samaki ya sita. Niliinua sahani. Hakuna kintu.

Nikasema: paka. Nikaenda kulala na roho nyeupe.

Siku ya kwanza, Jumatatu, asubuhi, siku ya jina, niliamuka na kelele.

Muzee Nzabonimpa mwenyewe njo anakamulaka Bihogo. Miaka yote, mikono yake peke yake, hataki hata Valens aiguse. Nilipotoka inje, Bihogo ilikuwa imepiga ndobo teke. Muzee alikuwa ameisimamisha tena na anatazama ndani. Miye pia nilitazama. Maziwa haikufunika hata chini ya ndobo.

"Jana ilitoa litre tano," Valens alisema.

Muzee aliacha ndobo. Alishika koo yake na mukono, akameza mate, uso ikajikunja. Nilisema: ni hasira. Hasira imemufunga koo.

Wandugu, muhesabu na miye. Maziwa ya mangaribi ilishuka kwa Mapendo, maziwa ya asubuhi ilipanda kwa Bihogo. Sawa vile kulikuwa robinet moja ya maji, na miye njo nilikuwa nimeigeuza. Niko mwalimu, nimefundisha sayansi darasa la tano na la sita. Ile asubuhi, sayansi yote ilinikimbia.

Na kama vile haikutosha, kuku ya mama Laurence ilitoka nyuma ya jikoni, mbio, na nyingine tatu nyuma yake. Ilipita katikati ya lupango, mbele ya sisi bote.

Mu mudomo yake, kichwa ya tilapia.

"Ayiwe!" mama Laurence alipiga kelele. "Ayiwe, Yesu wangu! Nini ile?"

Kuku ilizunguka mara mbili, ili kila muntu aone muzuri.

"Nani?" mama Laurence aliuliza. Hakupandisha sauti, na ile njo ilikuwa mubaya. "Nani alileta hii kintu mu lupango yangu? Vita ilikamata makumi tatu na saba. Ilibaki moja ya kukamua. Moja! Nani?"

Nilifungua kinywa. Ninaapa, nilikuwa nimeifungua.

"Ni miye, mama."

Ilikuwa sauti ya Mapendo. Alikuwa amesimama ku mulango, mutoto ku kifua.

"Nilituma muntu Kitshanga. Nilikaranga miye mwenyewe, mulikuwa misa. Papa alikuwa amelala, hajui kintu. Munisamehe."

Aliniangalia mara moja, haraka. Ile macho ninaijua. Ni ya mama yake, siku zenye alikuwa anamudanganya mwenye kudai kodi ya nyumba asema siko.

Na miye, muntu wa miaka makumi tano na mbili, mwalimu, nilifunga kinywa yangu. Nilisikia mikono yangu inanuka ndimu, nikaiingiza mu mufuko.

Hii njo yenye sijaambia padri.

Mama Laurence alikaa chini ku udongo, na kitenge yake safi. "Arudi kwao," alisema. "Njia ikifunguka, arudi kwa baba yake."

"Baba yake iko hapa, mama," Valens alisema pole. "Iko anasimama mu lupango yetu."

Siku ingine ningecheka.

"Na mutoto?" Valens aliuliza. "Papa, na jina ya mutoto? Jirani wanakuya saa kenda."

Muzee alishika koo tena. Alisema neno mbili, sauti ndogo ya kukwaruza:

"Leo, hapana."

Akageuka, akaingia mu kiraro ya ngombe.

Mapendo hakulia. Alimufunika mutoto kichwa na akarudi ndani, sawa muntu mwenye anaanza kufunga mizigo.

Hapo miguu yangu ilitembea yenyewe. Nilimufuata muzee mu kiraro. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimepanga hata maneno sawa mu sarufi: sujet, verbe, complément.

"Muzee Nzabonimpa, niko na neno."

"Hata miye, bamwana," alisema. Ile njo jina yenye baba ya bwana na baba ya bibi banaitanaka kule. "Funga mulango."

Nilifunga. Alitazama ku ukuta, alitazama ku dirisha, alitazama hata Bihogo. Kisha alinikaribia na kufungua kinywa kubwa, sawa ku dentiste wa meno.

"Ninyi batu ya mutoni," alisema, "munatoaka mwiba mu koo namna gani?"

Sikuelewa. Halafu nilielewa. Halafu nilishika ukuta.

"Muzee!"

"Pole pole!"

"Muzee, ya sita ni weye?"

"Nilitoka misa na njaa. Niliingia jikoni kutafuta viazi. Kulikuwa sahani." Alimeza mate, macho ikatoka machozi. "Nilitaka kuinusa tu, bamwana. Kulikuwa kintu ndani yake yenye ninajua, harufu sawa ya nyumba ya mama yangu. Mpaka sasa sikumbuki ni nini. Nilionja mukia. Mukia ililia mu meno. Kisha nikaona nimebaki na kichwa."

"Na uliikula haraka."

"Vile tunakulaka nyama! Nani alijua iko na sindano ndani? Tangu jana muchana iko hapa. Sikulala. Siwezi kumuambia Laurence, siwezi kumuambia daktari, kila muntu atauliza ni mwiba ya nini."

Kumbe haikuwa hasira. Na ile nyumba, nilikumbuka sasa, haina paka.

Nilikimbia jikoni, nikarudi na bugali ya jana, ya baridi. Nilimufanyia donge kubwa.

"Usitafune. Meza nzima."

"Nzima?"

"Nzima, muzee. Funga macho."

Alimeza. Shingo ilipanda, ikashuka. Bihogo iliacha kutafuna, ikamutazama. Donge la pili. La tatu.

Aligusa koo. Alimeza tena, mate tu. Uso yake ilifunguka sawa mutoto.

"Imeenda!"

Tulikaa chini, sisi wawili, ku majani ya ngombe, tunapumua. Kisha alitazama mikono yake, na uso ikafunga tena.

"Na hii mikono nimemukamua Bihogo asubuhi. Nilinawa mara tatu. Hii kintu hainawiki na maji, bamwana. Miaka makumi saba sijaigusa. Baba yangu alikufa hajaigusa. Si binti yako njo alikausha ngombe. Ni miye."

"Muzee, pengine ngombe iko mugonjwa tu. Pengine ndama ilinyonya yote. Tuite veterineri."

"Usinifundishe ngombe."

 Sikumuambia nani alikaranga. Nilikuwa nimeingia pale kusema, na sasa nikaona si lazima tena.

"Sikiliza," alisema. "Saa kenda ninatamka jina. Binti anabaki. Laurence nitamutuliza, atamusamehe mbele ya jirani. Batamuita mulafi wiki mbili, kisha bataacha. Weye unafunga kinywa yako, na miye ninafunga yangu."

"Mapendo abebe peke yake?"

"Iko na miaka makumi mbili na ine. Mugongo yake iko nguvu. Yangu na ya Laurence imeshazeeka."

Fikirieni vile munapenda. Nilimupa mukono. Nilisema, mutoto apate jina kwanza, aibu tutaiona kesho. Ile siku nilimuuza binti yangu mara mbili, asubuhi na kunyamaza, muchana na mukono.

Saa kenda, lupango ilijaa. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwako, batoto walikuwako, viti ya kanisa tuliazima. Muzee alikuwa na koti yake ya harusi na sauti imerudi. Alisema nyumba yake iko na roho ya kusamehe. Mama Laurence alisema ndiyo, na midomo yake haikuachana muzuri.

"Bibi mutoto, bibi ya Valens, alikosea," alisema. "Tamaa ya muzazi. Tunamusamehe."

"Mulafi!" mama mumoja wa jirani alipiga kelele, na batu walicheka.

Mapendo alikuwa amekaa ku mukeka, kichwa chini. Maziwa ilikuwa inalowanisha kitenge yake, imeshuka yote, haina haya. Sikuweza kumutazama.

Muzee aliinama, akamunyanyua mutoto na mikono mbili.   Neno moja tu. Aitamuke, na mutoto iko wa nyumba, na binti yangu haendi fasi.

"Jina ya huyu mutoto," muzee alisema.

"Ngojea, baba Valens." Ilikuwa mama Laurence. "Mafuta kwanza. Unasahau? Mafuta ku paji ya uso na ku macho, kisha jina."

Akainuka. Akaenda mu jikoni.

Akarudi na kachungu kadogo, kafunikwa na jani ya ndizi, kafungwa na kamba.

Wandugu.

"Hii," mama Laurence alionyesha jirani, na sasa alikuwa anacheka kabisa, "ni ya Bihogo. Tangu bibi mutoto alianza mwezi wa munane wa mimba nilikuwa ninaichunga. Kila juma kidogo. Watoto yangu bote walipakaliwa mafuta ya ngombe ya nyumba, na huyu pia."

Alifungua fundo. Fundo yangu.

Nilikuwa nimekaa mbele, kiti cha heshima. Niliona ndani. Mafuta ilikuwa imegandama tena, lakini haikuwa manjano. Ilikuwa sawa chai. Na juu yake, kudoti kudoti nyekundu. Kitambaa yangu haikuchuja yote. Pilipili, wandugu. Pilipili nyingi, maana Mapendo anaipenda.

Nikisema, jirani yote watajua kama nilikaranga samaki mu mafuta ya baraka ya huyu mutoto. Watajua Mapendo alidanganya. Muzee atajua niliingia mu kiraro na bongo mu mufuko. Hakutakuwa jina, leo wala siku ingine.

Nisiposema, ile kidole inaenda ku macho ya mutoto wa siku munane.

Mama Laurence alichovya kidole. Alikuwa bado anatazama jirani, si kachungu. Kidole ilitoka inangaa. Muzee, na mutoto mu mikono, aliinama kidogo mbele, na niliona pua yake inafunguka. Mara moja. Mara mbili. Uso yake ilibadilika sawa ya muntu mwenye amekumbuka jina yenye alitafuta usiku muzima.

Kidole ilikaribia.

"Ngojea!"

Sauti ilikuwa kubwa, na ilikuwa mbili. Nilikuwa nimesimama. Muzee Nzabonimpa naye alikuwa amerudi nyuma hatua moja, mutoto amemushika ku kifua, mukono juu ya macho yake.

Hakuna muntu alicheka. Hata kuku ilisimama.

Mama Laurence alinitazama miye. Akamutazama bwana yake. Kisha, pole pole, aliirudisha kidole yake mwenyewe ku pua, akanusa.

Hakuishusha. Aliisimamisha vile vile juu, katikati ya sisi wawili.

"Sawa," alisema. "Nani njo anaanza?"